Mitundu miwili ya Sikonge: je, msimbopau wa DNA unaweza kuitenganisha?

MrinaSikonge aliuliza:

Ndugu wanajukwaa, poleni na kazi. Mimi ni katibu wa kikundi cha wafugaji nyuki wa Sikonge, kusini mwa mji wa Tabora, na ninaleta kwenu jambo lililonishinda baada ya kulihangaikia kwa msimu mzima.

Katika msitu tunakotundika mizinga, wazee wetu wanasema kwamba mitundu ni ya aina mbili. Wa kwanza hutoa majani machanga mekundu sana mwezi wa Septemba, ardhi ikiwa bado kavu, na maua yake hufunguka mara tu baada ya hapo. Wa pili majani yake machanga yana rangi ya shaba iliyofifia, gome lake huambuka bila kupasuka kiasi kwamba watengenezaji wa mizinga ya magome huupenda zaidi, na maua yake huchelewa kwa wiki mbili hivi. Nitauita wa kwanza mtundu wa mapema na wa pili mtundu wa nyuma, kwa sababu majina yanayotumiwa na wazee hubadilika kutoka kijiji hadi kijiji, na mzee mmoja niliyemuuliza mara mbili alinipa majina mawili tofauti. Kitabu cha miti nilichonacho kinautambua mtundu mmoja tu, yaani Brachystegia spiciformis.

Sina udadisi mtupu katika hili. Kijiji kinapanga kuweka alama kwenye miti ambayo haitaruhusiwa kukatwa kwa ajili ya kukaushia tumbaku, na ikiwa kweli kuna aina mbili zinazopokezana maua, kuipoteza mojawapo ni kuufupisha msimu wa nyuki. Zaidi ya hayo, mnunuzi mmoja wa asali ametuuliza inatokana na miti gani, na tulipomjibu "miombo" hakuridhika.

Mpwa wangu anasoma biolojia chuo kikuu, naye ndiye aliyenieleza kuhusu msimbopau wa DNA, yaani kuutambua mmea kwa kusoma kipande kifupi cha DNA yake, akinifananishia na ile mistari myeusi iliyo kwenye pakiti ya sabuni ambayo mashine ya dukani huisoma na kujua bidhaa na bei. Nilichuma majani ya miti 12, sita ya mapema na sita ya nyuma, na kwa kila aina mitatu ilitoka upande huu wa mbuga na mitatu ng'ambo. Kwa kutojua, nilifunga majani mabichi kwenye ndoo ya asali yenye mfuniko nikayatuma kwa basi, yakafika yameanza kuota ukungu. Yeye aliyatumia hivyo hivyo kwa sababu zamu yake ya maabara ilikuwa imeshapangwa.

Matokeo ni haya. Kipande cha DNA kiitwacho rbcL kilikuwa sawa kabisa kwa miti yote 12, na kwenye hifadhidata ya mifuatano ya DNA kililingana asilimia 100 na spishi kadhaa za Brachystegia kwa pamoja. Kipande cha matK kilitofautiana kwa herufi mbili, lakini tofauti yenyewe iligawa miti kwa upande wa mbuga: ya upande huu yote ilikuwa na herufi zake, iwe ya mapema au ya nyuma, na ya ng'ambo vivyo hivyo. Kipande cha tatu, ITS, kilisomeka kwa miti minne tu, na yote minne hifadhidata ikasema ni kuvu.

Mpwa wangu alichora pia mchoro wa ukoo, akiongeza mifuatano ya miti mingine aliyoipata kwenye hifadhidata. Humo mninga umekaa karibu na mpingo, na mkola umekaa upande wa mtundu na muba. Fundi seremala wetu alicheka alipouona, kwa kuwa kwake mninga na mkola ni mbao za rafu moja.

Naomba kueleweshwa mambo matatu. Je, matokeo haya yanamaanisha kwamba wazee wamekosea na mtundu ni mmoja? Kwa nini miti igawanyike kwa mbuga badala ya kugawanyika kwa aina? Na je, asali yenyewe inaweza kupimwa ili tumjibu mnunuzi?

UjijiMolekuli alijibu:

Ndugu katibu, asante kwa swali lililoandikwa kwa utaratibu kuliko taarifa nyingi ninazozisahihisha. Mimi ni mzaliwa wa Ujiji na nimefanya kazi na vinasaba vya mimea kwa miaka kadhaa, kwa hiyo nitajaribu kujibu swali la pili kwanza, kwa kuwa ndilo lenye ufunguo wa mengine.

Wazo la msimbopau lilienea kuanzia mwaka 2003, wakati Paul Hebert na wenzake wa Chuo Kikuu cha Guelph nchini Kanada walipopendekeza kwamba kipande kimoja kifupi cha DNA, chenye herufi zipatazo 650 kutoka kwenye jeni ya mitokondria (sehemu ya seli inayozalisha nishati) iitwayo COI, kitumike kuwatambua wanyama. Kwa wanyama kipande hicho kinafanya kazi vizuri katika makundi mengi. Kwenye mimea kilikwama mara moja, kwa sababu jeni za mitokondria za mimea hubadilika polepole mno, na spishi mbili zilizoachana zamani zinaweza kuonekana sawa. Ndipo wataalamu wakageukia kloroplasti, sehemu ya kijani ya seli inayotengeneza chakula cha mmea na yenye DNA yake, na mwaka 2009 kikundi kazi cha kimataifa kikapendekeza vipande viwili vitumike pamoja: rbcL, ambacho ni rahisi kukisoma lakini hakina tofauti nyingi, na matK, chenye tofauti nyingi zaidi lakini kinachosumbua kwenye maabara. Walipovijaribu kwa spishi 550, vipande hivyo viwili viliweza kutenganisha asilimia 72 tu hadi ngazi ya spishi. Zilizobaki zilifika kwenye kundi la spishi zinazofanana na kuishia hapo. Kwa hiyo hata waliopendekeza njia hii walijua tangu mwanzo kwamba zaidi ya robo ya mimea waliyoipima haikutenganishwa nayo.

Sasa tuje kwenye mbuga yako. Vipande vyote viwili, rbcL na matK, vinatoka kwenye kloroplasti, na katika mimea mingi inayochanua maua kloroplasti hurithiwa kwa mama, yaani husafiri ndani ya mbegu na si ndani ya chavua. Jiulize mbegu ya mtundu huenda umbali gani. Ganda la mtundu likikauka hupasuka kwa kishindo, nusu mbili zikajisokota, na mbegu zikarushwa hatua kadhaa kutoka kwenye shina, basi. Chavua, kwa upande mwingine, hubebwa na nyuki wako mwenyewe kutoka mti hadi mti, kuvuka mbuga na kurudi. Miti ya aina mbili zilizo karibu kiukoo ikichavushana na kuzaa chotara, na chotara hao wakaendelea kuchavushwa na aina mojawapo kwa vizazi vingi, unaweza kupata mti ambao kwa sura, kwa maua na kwa sehemu kubwa ya jeni za kiini cha seli ni wa aina ya nyuma, lakini kloroplasti yake ilitoka kwa bibi wa aina ya mapema aliyesimama papo hapo. Matokeo yake ni kwamba kloroplasti hufuata ujirani. Jambo hili limeonekana kwa wazi kwenye miti ya mialoni ya Ulaya, ambako spishi tofauti za msitu mmoja hushiriki kloroplasti ya aina moja kuliko zinavyoshiriki na wenzao wa spishi ileile walio mbali.

Jenasi ya Brachystegia, yenye spishi zipatazo 30, inajulikana tangu zamani kwa kuzaa chotara, na wataalamu wa hebaria, yaani hifadhi za mimea iliyokaushwa, wamekuwa wakilalamika kwamba baadhi ya vielelezo (matawi yaliyokaushwa na kuandikwa yalikotoka) haviingii vizuri kwenye jina lolote. Hivyo basi, mgawanyiko wako wa pande mbili za mbuga haunishangazi, na nathubutu kusema ni matokeo mazuri ingawa hayakujibu ulichouliza. Yamekuonyesha mbegu zilikotoka. Kuhusu idadi ya spishi hayakusema lolote, na kwa hiyo jibu la swali lako la kwanza ni kwamba wazee hawajakosolewa. Herufi mbili za matK kwa miti 12 haziwezi kuwakosoa, wala haziwezi kuwathibitisha.

Kuhusu ITS, kosa ni la ndoo. Kipande hicho kiko kwenye DNA ya kiini, kinarithiwa kwa wazazi wote wawili, na ndiyo maana baadhi ya watafiti, hasa wa China mwaka 2011, walishauri kiongezwe kwenye vipande vya mimea. Tatizo ni kwamba kuvu nao wanacho, na mwaka 2012 kilipendekezwa kuwa msimbopau rasmi wa kuvu wenyewe. Praima nyingi (vipande vifupi vya DNA vinavyoanzisha kunakili) zinazotumika kukinakili hazichagui. Ukizipa jani lenye ukungu, zinanakili kile kilicho rahisi kunakiliwa, na mara nyingi huwa ni ukungu. Mpwa wako hakukosea kusoma. Alisoma kwa usahihi kiumbe ambacho hakukitaka.

Nataka kulisema hili la ukoo kwa kirefu kidogo, kwa kuwa watu wengi huchanganya kazi mbili. Kuutambua mmea ni kuuliza "huyu ni nani", na kuupanga kwenye ukoo ni kuuliza "huyu ametokana na nani". Kipande kilekile kinaweza kujibu swali moja vizuri na kushindwa kabisa kwenye lingine. Mwaka 1993 watafiti zaidi ya 40 walitumia rbcL peke yake, kutoka mimea 499 ya mbegu, kuchora upya ukoo wa mimea hiyo, na kazi hiyo ilitikisa familia nyingi tulizokuwa tukizifundisha. Mwaka 2017 wataalamu wa jamii ya mikunde walitumia matK kutoka spishi zinazokaribia 3,700 wakaigawa familia yote kuwa familia ndogo sita badala ya tatu za zamani. Kwa mgawanyo huo mtundu, muba na mkola viko pamoja kwenye Detarioideae, wakati mninga na mpingo viko kwenye Papilionoideae pamoja na maharage na karanga. Kwa hiyo mchoro wa mpwa wako uko sahihi, na seremala wako naye hakosei, isipokuwa yeye hupanga kwa ugumu na rangi ya mbao, na ugumu wa mbao umetokea mara nyingi katika koo zisizohusiana. Hapo matK imefanya kazi nzuri ajabu. Ukishuka hadi kwa mtundu na ndugu zake wa karibu, ambao kwa kipimo cha kijiolojia wameachana juzi, herufi zinakwisha.

MkaguziUvinza alijibu:

Ninaomba kuuliza hapa hapa kwa kuwa inahusiana. Sisi kwenye ukaguzi wa mazao ya misitu tunapata mbao ambazo mwenye nazo anasema ni mninga, na tunahisi ni mkurungu, au zote mbili zimechanganywa kwenye lori moja. Hakuna jani, hakuna ua, hakuna ganda. Je, njia hii inaweza kusaidia, au mbao zilizokauka hazina tena DNA?

UjijiMolekuli alijibu:

Ndugu mkaguzi, DNA ipo lakini imekatikakatika. Kiini cha mbao, ile sehemu nyeusi ya katikati, ni seli zilizokufa kabla mti haujakatwa, na imejaa kemikali zinazozuia kimeng'enya cha PCR, njia ya kunakili DNA, kufanya kazi. Sehemu nyeupe ya pembeni ina nafasi nzuri zaidi, kwa hiyo ukichukua sampuli usiache kuchukua kipande cha pembeni kama bado kipo. Kipande kirefu kama matK, chenye herufi zaidi ya 800, mara nyingi hakitoki. Vifupi kama ITS2, ambacho ni sehemu ya ITS, au kipande kidogo cha kloroplasti kiitwacho kitanzi cha introni ya trnL chenye herufi kati ya 10 na 143 tu, vina nafasi zaidi, ingawa kifupi kupita kiasi nacho hakina habari ya kutosha kutenganisha ndugu wawili wa Pterocarpus, jenasi ya mninga na mkurungu. Kwa kazi ya barabarani, lenzi ya mkono na mtaalamu wa anatomia ya mbao vitakupa jibu la haraka zaidi, na DNA ibaki kwa shauri lililofika mahakamani. Shauri lenyewe lina uzito kwa sababu mkurungu, Pterocarpus tinctorius, uliingizwa kwenye Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini, mwaka 2019, na mwaka 2022 orodha ikapanuliwa kujumuisha spishi za Pterocarpus na Afzelia za Afrika, yaani mninga na mkola nao wamo. Tofauti ya jina bado ina maana kwenye kibali.

MzeeWaHebaria alijibu:

Nimesoma yote kwa makini, na nakubaliana na mwenzangu wa Ujiji kwa sehemu kubwa, lakini ananishangaza kwamba ameandika aya nyingi hivyo bila kuuliza swali ambalo mimi ningeliuliza kabla ya kufungua barua: vielelezo viko wapi?

Ndugu katibu, nimetumia maisha yangu ya kazi nikibandika mimea iliyokaushwa kwenye karatasi, na sasa nimestaafu. Msimbopau ni kulinganisha. Mfuatano wako wa herufi unalinganishwa na mfuatano ambao mtu mwingine aliuweka kwenye hifadhidata, iwe ile kubwa ya Marekani inayopokea kila kitu au ile ya Guelph inayodai habari za kielelezo, na jina unalopewa ni jina ambalo mtu huyo aliliandika. Kama aliukosea mti wake, nawe utakosea, na kwa asilimia 100. Kwa mimea ya miombo tatizo jingine ni kwamba vielelezo vilivyosomwa DNA ni vichache, na kama ndugu wa karibu wa mti wako hayumo kwenye hifadhidata, mashine haitakuambia "hayumo". Itakupa jirani aliyepo na wewe utadhani umefika.

Nitatoa mfano wa jikoni ili ieleweke. Mnavu tunaokula una spishi kadhaa, kati yake Solanum scabrum, Solanum villosum na Solanum americanum, na kwa muda mrefu zote ziliandikwa kwenye vielelezo kwa jina moja la Solanum nigrum, ambao ni mmea mwingine. Mfuatano uliotoka kwenye mnavu wa shambani ukawekwa kwenye hifadhidata kwa jina hilo la zamani, nani atajua leo ulikuwa mnavu upi kama hakuna kielelezo cha kurudi kukiangalia, chenye matunda yake na rangi yake? Kielelezo kikiwepo, jina hurekebishwa na mfuatano huokolewa. Kisipokuwepo, herufi zote 600 ni karatasi ya kufungia karanga.

Kwa Brachystegia kielelezo kinahitaji mambo ambayo watu wengi huyaacha. Chukua tawi lenye majani yaliyokomaa, ukihesabu jozi za vijani, yaani vile vipande vinavyounda jani moja. Mtundu wa kawaida huwa na jozi chache, mara nyingi nne hivi, na jozi ya mwisho ndiyo kubwa kuliko zote, wakati myombo, Brachystegia boehmii, una jozi nyingi za vijani vyembamba na haukupotezi. Chukua pia chipukizi changa chenye vile vijani vidogo vya chini ya kikonyo, kwa sababu umbo lake ni moja ya alama muhimu za jenasi hii na hudondoka mapema kabla watu hawajafika na mkasi. Chukua maua, kisha rudi kwenye mti uleule kuchukua maganda, ambayo hayatakuwa tayari siku hiyo. Andika mahali, tarehe, urefu wa mti, rangi ya majani machanga, sura ya gome, na jina alilokupa mzee, hata kama kesho atakupa jingine. Andika yote mawili. Fanya nakala mbili au tatu ili moja ipelekwe Hebaria ya Taifa iliyoko Arusha na nyingine ibaki Tabora. Kama Chuo cha Nyuki kina kabati kavu, hapo pangefaa, maana wanaochanja njia ya kwenda kwenye mizinga ndio watakaozihitaji.

Mwisho kuhusu wazee. Mimi huwa siwabishii wala siwaamini moja kwa moja. Mtu aliyechuna magome kwa miaka 40 ameona miti mingi kuliko mimi, lakini anaainisha kwa matumizi, na mti mmoja uliosimama kwenye udongo wa kichanga unaweza kuchunika tofauti na ndugu yake aliye kwenye kichuguu. Kwa hiyo mtundu wa nyuma unaweza kuwa spishi nyingine, unaweza kuwa chotara, na unaweza kuwa mtundu uleule uliokunywa maji mengi. Je, uliangalia udongo?

MrinaSikonge alijibu:

Shikamoo mzee, na asanteni nyote. Nakiri kwamba sikuchukua kielelezo hata kimoja, na kwamba miti yenyewe niliiweka alama kwa chaki ambayo mvua imeshaifuta. Kuhusu udongo, sikuwa nimeufikiria mpaka nilipolisoma swali lako. Nimekwenda jana na kuona kwamba upande huu aina zote mbili zimesimama kwenye udongo uleule mwekundu, wakati mwingine hatua 20 tu kati yake, kwa hiyo nadhani udongo pekee hautatosha kuwa maelezo. Ng'ambo sijafika.

Swali la asali bado halijajibiwa. Na kama ninarudia kazi Septemba, nifanyeje ili nisimtie tena mpwa wangu hasara?

UjijiMolekuli alijibu:

Shikamoo mzee, nimelipokea karipio, na ni la haki. Udongo uleule na hatua 20 ni habari nzuri, ndugu katibu, kwa sababu miti miwili inayotofautiana kwa rangi na kwa tarehe ya maua ikiwa imesimama mahali pamoja ina jambo la kusema.

Asali inapimika. Ndani yake mna chavua, na DNA ya chavua hutolewa, hunakiliwa kwa rbcL au ITS2, kisha mifuatano yote iliyochanganyika husomwa kwa pamoja na kutenganishwa kwa kompyuta. Nchini Wales walifanya hivyo baada ya kwanza kujenga maktaba ya mimea yao ya asili, spishi 1,143 za mimea ya maua na ya jamii ya misonobari, kazi iliyochapishwa mwaka 2012. Na hata huko, kwa maktaba kamili hivyo, vipande viwili vilitenganisha robo tatu tu ya spishi kwa makadirio ya juu. Kwa asali yako tarajia jibu la ngazi ya jenasi: kuna Brachystegia, kuna Julbernardia (jenasi ya muba), na mimea mingine mingi ambayo hukuidhania. Mtundu upi, haitakuambia. Wala usichukue wingi wa mifuatano kuwa wingi wa nekta, kwa kuwa maua mengine hutoa chavua nyingi na nekta kidogo, na kuna yaliyo kinyume chake. Ila una silaha ambayo maabara haina: unajua tarehe ya kurina. Asali ya Novemba na Desemba imetanguliwa na maua ya mitundu, na ile ya kati ya Mei na Julai imetanguliwa na maua ya muba. Ukimpelekea mnunuzi sampuli za misimu yote miwili zikiwa zimetenganishwa, kila moja na orodha yake ya jenasi, atakuwa na habari zaidi kuliko wanazopewa wanunuzi wengi.

Kwa Septemba, chagua miti kumi kwa kila aina kila upande wa mbuga, na ipigilie vibati vyenye namba badala ya chaki. Kila mti upate kielelezo kama mzee alivyoelekeza. Kwa ajili ya DNA, chuma jani changa lisilo na doa, likate vipande, liweke kwenye bahasha ndogo ya karatasi, kisha bahasha iingie kwenye chupa yenye chembe za silika zinazonyonya unyevu, kiasi kwamba jani likauke ndani ya saa 24. Usitumie spiriti ya dukani wala fomalini. Majani ya miombo yana tanini na ulimbo mwingi, kwa hiyo mwambie mpwa wako atumie njia ya kutoa DNA iitwayo CTAB na aongeze kemikali ya PVP ya kushika hizo tanini. Kama alitumia vifurushi vilivyotengenezwa kwa ajili ya majani laini, hiyo nayo inaweza kueleza kwa nini miti minane haikusomeka.

Na asirudie rbcL. Fedha hiyo iende kwenye ITS kwa miti yote, na akipata msimamizi mwenye uwezo, kwenye jeni nyingi za kiini kwa pamoja, mamia badala ya moja, maana hapo ndipo chotara huonekana: mti ambao nusu ya jeni zake zinaelekea kwa mapema na nusu kwa nyuma. Ikiwa sampuli zitatoka nje ya nchi, vibali vya COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia) na vya afya ya mimea vitangulie, msije mkaanza kuvitafuta majani yakiwa uwanja wa ndege.

MzeeWaHebaria alijibu:

Nyongeza moja. Kabla ya DNA yoyote, tembelea miti hiyo 40 kila siku ya tatu kuanzia mwanzo wa Septemba na uandike ni mti gani umefungua ua siku gani. Daftari na penseli vinatosha. Kama tarehe zikijitenga makundi mawili pande zote mbili za mbuga, kamati ya kijiji ina sababu ya kulinda aina zote mbili mwaka huuhuu, maana nyuki hawangojei jina la Kilatini. Nitumie picha za chipukizi zikiwa na rula pembeni. Macho yangu bado yanaona kijani cha milimita mbili.

MrinaSikonge alijibu:

Mzee, daftari nimeshanunua. Vibati anavikata fundi wa ndoo hapa Sikonge, 40 na vitano vya akiba, na mzee wa majina mawili amekubali kwenda nasi siku ya kwanza kutuonyesha kila mti anauita nani, safari hii mbele ya mashahidi. Nitarudi hapa na orodha ya tarehe mwishoni mwa Oktoba.